Tulipochagua Mfereji

Binti yetu wa pili ni muuguzi Uingereza, na ana tabia ya kututumia mambo makubwa kwa ujumbe mfupi. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri simu yangu ililia, nikakuta picha mbili za meli nyeupe zenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za mtaa wetu hapa Korogwe. Chini yake alikuwa ameandika: "Shikamoo baba. Hii ni zawadi yako ya kustaafu, wewe na mama. Meli moja inapita Mfereji wa Suez, nyingine Mfereji wa Panama. Chagueni safari moja kabla mwezi haujaisha. Mambo ya viza niachieni mimi."

Nilisoma ujumbe ule mara tatu nikiwa nimesimama. Nimefundisha jiografia miaka zaidi ya thelathini, kwanza Handeni, kisha Korogwe, na kila mwaka niliichora mifereji hiyo miwili ubaoni. Suez ilikuwa mstari mmoja ulionyooka. Panama ilikuwa mstari wenye ngazi, upande huu za kupanda na upande ule za kushuka. Chaki nilizozimaliza kwa kazi hiyo zingejaza gunia, lakini mifereji yenyewe sikuwahi kuiona hata mmoja. Sioni haya kusema kwamba hicho ndicho kitu nilichokitamani kuliko vyote: kusimama mahali, nikaona meli inakatiza katikati ya nchi kavu, huku na huku udongo.

Mke wangu alikuwa uani anachambua mchele. Nilimsomea ujumbe, yeye akaendelea kuokota chuya na kuzirusha kwa kuku.

"Nitakwenda," alisema. "Ila unieleweshe kwanza. Mimi sipandi kitu nisichokijua kinapita wapi."

Nilifurahi sana. Nilidhani kumwelewesha mtu mfereji ni kazi ya dakika arobaini, kipindi kimoja cha darasani.

Nilianza na Panama, kwa sababu nafsi yangu ilikuwa imeshaichagua. Nilileta mabeseni mawili na ndoo, nikalipanga moja juu ya tofali na jingine chini, nikachukua kifuniko cha sufuria kuwa meli. Nikaeleza kama nilivyoeleza miaka yote: meli inaingia katika chumba cha maji, mlango unafungwa nyuma yake, mashine kubwa zinasukuma maji kutoka baharini, maji yanajaa, meli inapanda. Halafu chumba kinachofuata, hivyo hivyo, mpaka juu.

Aliweka sinia mapajani.

"Hizo mashine umeziona?"

"Sijaziona, lakini zipo."

"Mwalimu, sisi bondeni tuna majaruba manane ya mpunga. Umewahi kuniona nayasukuma maji yapande? Nafungua tuta la juu, yanashuka yenyewe. Jaruba la chini likijaa, kifuniko chako hiki kitaelea na kupanda nayo. Maji hayapandi. Huko juu lazima kuna maji mengine."

Nilimwambia kwa upole, ule upole wa mwalimu ambaye ndani anachemka, kwamba majaruba na Mfereji wa Panama ni vitu viwili tofauti. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikafungua simu na kuanza kusoma. Nilisoma mpaka alasiri. Hakuna mashine ya kusukuma maji ya bahari. Kuna ziwa juu kule, limepatikana kwa kuuziba mto, na maji ya ziwa ndiyo yanayofunguliwa, yanashuka yenyewe, chumba hadi chumba, na kuiinua meli. Ni majaruba, basi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikihesabu ni watoto wangapi nimewadanganya kwa sauti kubwa na fimbo ya kuelekezea mkononi. Wengine siku hizi ni wahandisi. Aibu ile ilinipata nikiwa peke yangu chumbani, na bado masikio yalipata moto.

Nilitoka nikamwambia. Sifa yake moja mke wangu, ukikiri kosa hakutangazi. Aliuliza tu, "Maji ya ziwa hilo ni ya chumvi au ya kunywa?"

"Ya mvua. Miji ya huko inayanywa."

"Na meli ikishapita yanakwenda wapi?"

"Yanashuka baharini. Siku hizi wamejenga mabwawa ya pembeni ya kuyarudisha kiasi, lakini mengi yanakwenda baharini."

"Na mvua isiponyesha?"

Hilo pia nilikuwa nimelisoma. Kuna mwaka mvua iligoma, ziwa likapungua, wakapunguza meli.

Hapa inabidi msomaji amjue mke wangu. Mimi ni Msambaa wa Lutindi, kule milimani ambako maji yanakufuata mlangoni hata hukuyaita. Yeye ni Mzigua wa Mazingara, Handeni, na amekulia kwenye lambo, bwawa la kukinga maji ya mvua. Watu walikuwa wanateka maji kwanza, kisha wanakunywa ng'ombe wa majirani zao Wamasai, na kila upande ulijua zamu yake. Siku hizi bomba limefika huku na huko, lakini nyumbani kwetu maji ya kuoshea mchele bado yanakwenda kwa kuku, na ya kufulia yanasugulia choo. Tulipooana aliniona nasukutua kinywa na kutema kikombe kizima cha maji safi, akanisema kwa shangazi yangu. Wasambaa, alisema, wanaoga kama watu wasio na kesho.

Kwa hiyo nilijua jibu kabla hajalitoa.

"Siwezi," alisema. "Nilale kwenye shuka nyeupe, na maji ya watu ya kunywa yanamwagwa baharini ili mimi nipite kutazama? Wenye mizigo wana haja yao. Mimi haja yangu ni ipi?"

Niliumia, lakini siku mbili baadaye nilikuwa nimeshapoa. Nilijiambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na bado kuna Suez. Suez haina ziwa la juu wala vyumba. Ni bahari imeunganishwa na bahari, maji ya chumvi mwanzo mwisho, wala hakuna anayeyanywa.

Na kweli, Suez aliipenda. Maswali yake yalinifanya nisome kama mtu anayejiandaa na mtihani. Meli zikikutana ndani inakuwaje? Nikamweleza kwamba zinapangwa katika msafara, zinasubiri nje zimetia nanga, kila moja na nafasi yake, ndipo zinaingia moja nyuma ya nyingine. Alicheka.

"Foleni ya madumu," alisema.

Alinikumbusha jinsi wanawake wa kwao wanavyopanga madumu matupu kwenye mstari tangu asubuhi, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake, na dumu linamshikia nafasi. Alitaka kujua kama nahodha naye anaweza kuacha meli kwenye foleni akaenda kulima. Alitaka kujua kama pale mfereji ulipo walikuwa wakiishi watu, na walihamia wapi, na kama wachimbaji walipewa maji jangwani. Jioni tulikuwa tunakaa barazani na kitabu changu cha ramani kilichochakaa, na nilianza kuona kwamba miaka yote nilifundisha darasa ambalo mwanafunzi bora hakuwamo. Niliyafurahia sana majuma yale mawili.

Zilipobaki siku nne mwezi uishe, nilikaa naye nifuate njia yote kwa kidole, bandari kwa bandari, ili tumwandikie binti yetu. Meli ingetoka upande wa Ulaya, ipite mfereji, kisha ishuke Bahari ya Shamu. Haya ni mambo ya kabla meli nyingi hazijaanza kuikwepa njia ile kwa kuogopa mashambulizi. Kidole changu kilikuwa kinashuka taratibu.

"Hapa, mkono wa kushoto," nilisema, "tutapita mbele ya Jidda."

"Jidda yenyewe?"

"Ndiyo. Meli haitii nanga, inapita tu. Na Makka iko hapa, ndani kidogo."

"Mbali kiasi gani na bahari?"

Mwalimu wa jiografia akiulizwa umbali hutafuta mfano ambao mwanafunzi ameutembea kwa miguu yake. Nilipima kwa kidole, nikafikiri, nikapata mfano mzuri sana.

"Ni kama kutoka hapa Korogwe hadi Handeni," nilisema. "Labda na nyongeza kidogo."

Aliweka kiganja chake juu ya ramani, hapo hapo kidole changu kilipokuwa, nikalazimika kukitoa. Njia ya Korogwe na Handeni ameipita tangu msichana. Ameipita kwenda kuzaa kwa mama yake, ameipita kwenye misiba, ameipita kwenye malori, juu ya magunia ya mahindi na juu ya machungwa. Anaijua kwa kila kona.

"Kumbe ni karibu hivyo," alisema polepole. "Mimi nilikuwa naiona iko mbinguni."

Kiganja chake kilibaki pale pale juu ya ramani.

"Nipite mbele ya mlango wa Mwenyezi Mungu kwa umbali wa kwenda kwetu," alisema, "nimekaa kwenye kiti cha kuota jua, nakula keki, nisiingie? Siwezi, baba. Nitakuwa nimemwambia nini?"

Nilipandisha hasira, nakiri. Nilimwambia Panama ameikataa kwa sababu ya maji, na Suez anaikataa kwa sababu ya nchi kavu. Nilimwambia nimeichora mifereji hiyo mpaka chaki ikaniharibu kifua, na sasa imeletwa mlangoni kwangu, yeye anaifukuza. Sauti yangu ilifika kwa jirani. Yeye alifunga kitabu taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Sijaikataa safari yako," alisema. "Wewe nenda. Andika kwamba mama anabaki."

Kutwa nzima ya siku iliyofuata niliandika ujumbe huo na kuufuta. "Mama anabaki." Maneno mawili tu, lakini kila nilipoyatazama niliona kiti kilicho wazi pembeni yangu, na mimi naonyesha meli kwa mkono bila mtu wa kuniuliza lolote. Hata mfereji wenyewe nilianza kuuona mwembamba.

Alasiri nilimfuata uani. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilichutama, nikachukua hindi, nikapukuchua naye kwa muda.

"Umetaka kwenda hija tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu kabla hujanioa."

Nilifanya hesabu kichwani. Ilikuwa miaka arobaini na moja.

"Mbona hukuwahi kusema?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alipuliza makapi kwenye kiganja chake, akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Hukuuliza, mwalimu. Ulikuwa unauliza watoto wa watu."

Nilichukua simu palepale uani nikamwandikia binti yetu kwamba tumeacha meli zote mbili, mama yake anataka kwenda hija, na mimi nitamsindikiza, kama zawadi inaweza kugeuzwa. Alipiga simu papo hapo, analia na kucheka, anasema inawezekana, ila kuna kujiandikisha na kungoja zamu. Mfereji uliniuma wakati ule, na sitasema uongo, hata leo unaniuma.

Simu ilipokatika nilimgeukia mke wangu, nikamwuliza ni nini kingine alichokuwa anakitaka miaka yote hiyo. Alifikiri kidogo, akanisogezea kigoda, akaniambia nikae kwanza.