Ubao wa Mounira na Maji ya Baba

Tanga la kwanza la Mounira nililishona mimi, kwa cherehani yangu, pale sokoni Kasongo, kwa mifuko ya mchele. Nasema hili mapema kwa sababu siku hizi nasikia watu wakidai kwamba aliletewa vifaa na Wazungu, na damu hunichemka. Hakuletewa na mtu. Mifuko tuliifua wenyewe, na harufu ya pumba haikutoka hata hivyo.

Mounira ni mtoto wa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, binti wa mzee Ayoubu mchonga mitumbwi. Nilisoma naye. Alikuwa mchuuzi kama wanawake wengi wa kwetu: anapakia mafuta ya mawese kwenye pikipiki, anapita Kabambare kwa barabara ile ya matope hadi Kalemie kando ya ziwa, kisha anarudi na ndakala wakavu, wale dagaa wa ziwani. Safari moja alimwona kijana ziwani amesimama juu ya ubao wenye tanga, anakwenda mbio bila kasia wala mota. Alikaa ufukweni akitazama mpaka soko likafungwa. Akarudi nyumbani na mzigo nusu na wazo zima.

Nyuma ya nyumba ya baba yake kulikuwa na mtumbwi wa zamani uliopasuka, bata wanatagia ndani. Akauomba. Mzee akasema chukua, mradi bata watafutiwe pengine. Mounira akakata kipande cha chini kilichokuwa kizima, akakichonga kwa tezo la baba yake hadi kikawa chembamba. Mlingoti ukawa mwanzi. Mimi nikaleta tanga, nikijiona fundi asiye na mwenzake.

Ikafika siku ya kuushusha. Kwa wachongaji wa ukoo ule, chombo hakigusi mto kabla ya kutemewa maji. Mchongaji anajaza maji kinywani, anayapuliza kwenye pua ya mtumbwi, anataja jina la mwenye chombo na kusema: nenda, urudi. Hiyo ndiyo radhi yake. Mounira aliulaza ubao mbele ya baba yake pale kando ya mto, watu wamejaa, akamwomba autemee. Mzee Ayoubu aliupapasa ubao kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Hii siwezi," akasema, akapanda zake nyumbani.

Kila mtu aliona. Na kwetu, uwe Mwislamu au Mkristo kama mimi, radhi ni bora kuliko mali. Ningekuwa mimi ningeukata ule ubao kuni nikapikia maharage. Mounira akaubeba ubao wake, akaingia majini.

Sitampamba: alianguka kama gunia. Kiangazi kizima alikunywa maji ya Lualaba, na watu walikuja kucheka kama wanavyokwenda kwenye mpira. Lakini ana kichwa kigumu, na kichwa hicho najua alikirithi kwa nani. Ilifika siku akakatiza mto mzima amesimama, akageuza tanga kule ng'ambo, akarudi. Waliocheka wakaanza kusema walijua tangu mwanzo.

Kisha yakawa mashindano ya ziwani Kalemie. Alikwenda na ubao umefungwa juu ya pikipiki kwa kukingama, na kila walipokutana na pikipiki nyingine kwenye njia nyembamba ya Wamaza ilibidi wote washuke, wajadiliane, mmoja aingie majanini. Mara ya kwanza alishika mkia. Hakuwa amewahi kuona mawimbi ya namna ile. Mto wetu husukuma, haurukii mtu. Nilimwambia kawia ufike. Alirudi tena na tena, mpaka mwaka mmoja akawapita wote, wanaume kwa wanawake, na mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale ni huyo aliyeshika tanga langu. Wakati huo nilikuwa nimeshahama kwenye mifuko ya mchele, nashona turubai.

Pamoja na hayo yote hakuwa na amani. Kila alipotaka kuingia mtoni aligeuka kwanza kutazama juu ya ukingo, kwenye njia inayotoka kwa baba yake, na njia ilikuwa tupu. Alipovunjika bega hakulaumu wimbi. Aliniambia ni ile radhi. Wasichana wa Nyangwe walipotaka awafundishe, wazazi wao walikataa, na sikuweza kuwalaumu: nani atamkabidhi mtoto wake kwa mtu ambaye baba yake mwenyewe alimkatalia mbele za watu? Kwa baba yake alipika, alifua, alimnunulia dawa, lakini neno lile hakulitia kinywani tena. Aliogopa kukataliwa mara ya pili.

Mwaka jana mzee Ayoubu akaugua kifua, akalazwa Kasongo. Mounira alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Siku moja alikuja dukani kwangu, akaniambia baba akifa bila kumtemea maji, yeye hatagusa tanga tena maisha yake yote. Aliyasema bila machozi, na hapo nikajua anamaanisha.

Mungu si Athumani, mzee akapona. Aliporudi Nyangwe nilimpandisha Mounira pikipiki mimi mwenyewe, maana nilikuwa nimechoka na woga wake. Tulimkuta mzee barazani anakunywa uji. Mounira akaulaza ule ubao wa kwanza miguuni pake, akaweka bakuli la maji kando, akapiga magoti.

"Baba, kama nilikukosea unisamehe. Unitemee maji, nipate amani."

Mzee akamtazama kama anayetazama mtu aliyepoteza akili.

"Nilikuambia siwezi. Mutumbwi hawatemee maji mara mbili. Ukirudilia, ni kusema ile ya kwanza ilikufa. Ile mbao iko ya mutumbwi nilishusha mu maji siku ulizaliwa. Nilitemea, nikaita Mounira. Iko na jina yako tangu haujajua kutembea."

Mambo hayo ya kuchonga hufundishwa wavulana, na kaka zake Mounira walikwenda zamani kwenye machimbo ya dhahabu. Yeye alikua akisikia mlio wa tezo, si sheria zake.

"Sababu gani haukunielezea, baba?"

"Haukuuliza. Ulisema temea, nikasema siwezi."

"Na kule mutoni? Haukukuja hata siku moja."

Mzee akageuzageuza kikombe. "Niliogopa kukuona unaanguka," akasema.

Mounira akaweka kichwa juu ya magoti ya baba yake akalia, kisha akacheka, kisha vyote pamoja. Mimi nilikasirika. Miaka yote ile ya kuogopa bure, kwa sababu ya mzee mmoja bahili wa maneno! Nikamwambia hivyo usoni, kwa heshima zote. Alinijibu kwamba uji umepoa.

Habari haikuhitaji redio. Kabla ya mwezi kwisha wazazi walikuwa wanawaleta wasichana wenyewe. Mbao mpya zikachongwa, za mti mbichi, na hizo mzee alizitemea maji moja moja, akiita kila jina, hadi kanga yangu ikalowa.

Siku ya kuzishusha mtoni Mounira alitangulia na ubao wake wa zamani. Nilimtazama alipofika ukingoni, nikangoja ageuke kama kawaida yake. Hakugeuka. Alikanyaga ubao, akavuta tanga, upepo ukamchukua.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga udongo. Mzee Ayoubu alikuwa ameshuka ile njia polepole, peke yake, na sasa alisimama akihema, macho yakiwa mtoni.

"Leo nimekuja," akaniambia, "na haangalie hata nyuma." Na alikuwa anacheka.