Mwalimu Kontua Ashuka Ziwani

Mwalimu Wendelin alikuwa mtu wa milimani kwa kuzaliwa, kwa malezi na kwa miguu. Alizaliwa Ruanda, kijiji cha milimani huko Mbinga, katika nyumba iliyozungukwa na mibuni, akazoea kupanda na kushuka kiasi kwamba hata akikatiza uwanja wa mpira ulio sawa kama meza alionekana kama anautafuta mteremko. Kidato cha tano na cha sita alisoma katika shule kongwe ya serikali iliyo nje kidogo ya mji wa Mbinga, ile iliyojengwa na wamisionari kwa matofali ya kuchoma kabla haijataifishwa. Akaenda chuo kikuu, kisha akaomba mwenyewe kurudi kufundisha palepale. Wenzake walimshangaa. Ilikuwa enzi ya ruksa, na walimu wengi walikuwa wamekwisha kufungua vibanda vya duka au kuingia kwenye mitumba. Wendelin aliwajibu kwamba jiografia ya Mbinga bado haijafundishwa ikaisha.

Wanafunzi walimpa jina la Kontua, kwa sababu kila jambo alilieleza kwa mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko ramanini, hata ugali wa bwaloni. Walimpenda. Kilichowasumbua ni kwamba alikuwa amevuka miaka thelathini na mitano bila mke, na jambo hilo liliwakosesha raha wao kuliko yeye.

Mwaka 1995 njuka, yaani wanafunzi wapya, wa kidato cha tano waliwasili na masanduku yao, na miongoni mwao alikuwamo Lidia, msichana kutoka Mbaha, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Shule ilikuwa imeanza kupokea wasichana miaka michache tu nyuma, na wengi wao waliongea kwa kunong'ona. Lidia hakujua kunong'ona. Sauti yake ilikuwa ya watu waliozoea kuitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi.

Siku moja Wendelin alichora ziwa zima ubaoni, pwani zake, milima yake na mishale ya upepo, uzuri mtupu. Lidia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, maji ya ziwa hilo yana ladha gani?"

"Ni maji baridi, Lidia. Hayana chumvi."

"Hilo nalijua, Mwalimu. Nilitaka kujua wewe uliyaonja lini."

Wendelin aliiweka chaki mezani, na Kiingereza cha somo akakiacha hapohapo pamoja na chaki.

"Sijawahi kuyaonja," alisema. "Wala kuyagusa. Nyumbani kwetu, ukipanda kilimani siku ya anga safi, unaliona limelala kule chini kama kitenge cha bluu. Bibi yangu alituambia yale maji yana mikono. Nikaona inatosha kuyatazama."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa nusu ya darasa walikuwa Wamatengo, watu wa milima ile, waliolelewa na bibi wa namna hiyohiyo. Lakini jioni bwaloni hapakuzungumzwa jingine, na kabla wiki haijaisha kidato cha tano kilikuwa kimemwomba mkuu wa shule safari ya mafunzo kwenda Mbaha. Lori la shule lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka jana. Mnunuzi mmoja binafsi wa kahawa, mmoja wa hawa waliokuja na soko huria, alikubali kuwaazima lake kwa sharti kwamba walirudishe limefagiliwa.

Waliondoka alfajiri wakiimba. Barabara ilipita Ruanda, na pale kando ya njia alisimama Mama Ida, mama yake Wendelin, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, Mama," Wendelin alisema akishuka.

"Marahaba, mwanangu. Ndizi hizi za watoto. Na wewe huko uendako, tazama, fundisha, rudi. Usiyaguse."

"Sitayagusa, Mama."

Kadiri lori lilivyoteremka ndivyo wanafunzi wa milimani walivyovua masweta yao ya mitumba, moja baada ya jingine, na ndivyo wale wa ziwani walivyozidi kuchangamka. Mbaha walipokelewa na Hedwiga, dada yake Lidia, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho yenye kicheko, na aliwapangia kazi wanafunzi ufukoni kana kwamba wote walikuwa wa darasa lake.

Wendelin alisimama kwenye mchanga mkavu, mbali na maji, na viatu vyake vimefungwa kamba vizuri.

"Mwalimu," Hedwiga alimwambia, "mbona umesimama kama mgeni asiyekaribishwa? Njoo mpaka hapa. Maji hayavuki kifundo cha mguu."

"Naona vizuri nikiwa hapa, Mwalimu."

"Kuona unaona. Mimi nazungumzia miguu."

Alisema kwa upole, na labda ni upole huo uliomshinda. Wendelin alivua viatu, akaviweka karibu na maji, akakunja suruali. Akaingia hatua moja, ya pili. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Alikuwa ameanza kutabasamu pale wimbi lilipokuja, likapita kati ya miguu yake, na likirudi likachukua kiatu cha kushoto.

Vilikuwa viatu vizuri. Wendelin hakufikiri, alikimbilia kiatu, na alipokuja kufikiri maji yalikuwa kifuani na mchanga unamtoroka chini ya nyayo. Akapiga kelele moja fupi, akanywa mafunda kadhaa. Hedwiga aliingia majini na gauni lake mwilini, akamshika ukosi wa shati na kumvuta nchi kavu huku akicheka na kumpa pole kwa wakati mmoja.

Wanafunzi walikuwa wamejipanga ufukoni, hawajui kama wanaruhusiwa kucheka. Lidia ndiye aliyewaokoa.

"Mwalimu, yana ladha gani?"

Wendelin alikohoa, akafuta macho.

"Matamu," alisema, na hapo ufuko mzima ukaangua kicheko, yeye akiwemo.

Alirudi Mbinga amevaa kandambili za Mzee Isidori, baba yao Hedwiga na Lidia. Kandambili za watu si za kukaa nazo, kwa hiyo likizo ilipofika alizirudisha. Mzee Isidori akampa samaki wakavu wamefungwa katika kikapu, na kikapu nacho kikahitaji kurudishwa. Safari ya tatu alipeleka kahawa, bila kisingizio chochote, na wote wakaelewa.

Mzee Isidori alikuwa mvuvi na mtu wa maneno machache. "Mwanangu," alimwambia, "sikukatalii. Ila mkwe wangu akizama, mimi nitaweka wapi uso? Jifunze kuogelea kwanza." Basi Wendelin alijifunza, akining'inia ubavuni mwa mtumbwi, watoto wa kijiji wakimshangilia kutoka ufukoni.

Upande wa pili Mama Ida naye alikuwa na lake. "Mke wa ziwani ni mzuri," alisema, "lakini atalima ngolo?" Ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki ili mvua isibebe udongo, na si kazi ya kubahatisha. Hedwiga alipanda Ruanda, akajifunga kitenge, akashika jembe. Shimo lake la kwanza lilikwenda upande kama bakuli lililokanyagwa na ng'ombe. Mama Ida alilizunguka akilikagua.

"Hili umechimba kwa ajili ya mahindi au kwa ajili ya mbuzi alale?"

"Mama, nilichimba kwa ajili yako," Hedwiga alijibu. "Sasa nionyeshe la mahindi."

Mama Ida akacheka mpaka akakaa chini. Jioni ile walirudi nyumbani wameshikana mikono, matope mpaka magotini, na Wendelin aliyekuwa akiwasubiri uani akajua mambo yamekwisha.

Kwa kuwa Hedwiga alikuwa Mwanglikana na Wendelin Mkatoliki, palikuwa na mazungumzo marefu ya mapadri na wazee, lakini yaliisha kwa amani: ndoa ilifungwa parokiani Ruanda, na ibada ya shukrani ikafanyika Mbaha. Lidia, sasa wa kidato cha sita, aliongoza kwaya ya shule pande zote mbili, na sauti yake ikasikika mpaka nje.

Hedwiga alihamishiwa shule ya msingi karibu na sekondari, wakakaa katika nyumba ya walimu nyuma ya mabweni. Kila Jumapili alikaanga usipa, wale dagaa wa Nyasa, kwa ajili ya wanafunzi wa ziwani waliochoshwa na maharage. Haikuchukua muda wanafunzi wa milimani wakaanza kupiga hodi pia, wakijitambulisha kuwa watu wa Lituhi au Liuli, vijiji vya ufukoni. Hedwiga aliwasalimia kwa Kinyasa. Wengi walitumbua macho tu, na mmoja wao akaitikia kwa Kimatengo.

"Wa Liuli, karibu," alimwambia akimsogezea sahani, na Wendelin akageukia dirishani ili kijana asimwone anavyocheka.