Kitobo Kisichozungushiwa Uzi

Kikwajuni hakuna asiyezijua kofia za Bi Shemsa. Kazi yenyewe ni vitobo: unatoboa kitambaa kwa sindano, unakizungushia kitobo uzi kisifumuke, unahamia kingine, mpaka kofia nzima inajaa maua. Ujane ulimkuta na watoto wadogo, na kofia hizo ndizo zilizowalea. Lakini mwaka huu uzi ulianza kumpiga chenga kwenye tundu la sindano, naye akaingiwa na hofu.

Kumi la mwisho la Ramadhani, kofia za Idi zikiwa zimemjaa mapajani, alinyanyua uso baada ya futari akaona balbu imezungukwa na pete za rangi, nyekundu na kijani na samawati. Mwili ukamsisimka. Tangu utotoni amesikia kwamba Lailatul-Qadri, usiku ambao dua hupokelewa, huonwa na wachache, na mwenye kuiona hatangazi. Hakumwambia hata Badria, bintiye. Alinyanyua mikono akaomba, "Mola wangu, nibakishie macho yangu." Kichwa kilikuwa kikimgonga, lakini nani angejali kichwa saa kama ile?

Kesho yake pete zilirudi, safari hii na maumivu. Ghafla jicho la kulia lilimuuma kama linasukumwa kwa ndani, futari yote ikatoka, na balbu ikawa ukungu mtupu. Bi Shemsa alidhani anaadhibiwa kwa kukodolea macho kisichokodolewa.

Jirani yao, Riyama, alikuja mbio na kichupa cha wanja. "Kibanzi hicho, mpake kitoke."

Badria alifunua kope, hakuona kibanzi. Jicho lilikuwa jekundu. "Na haya macho mekundu ya kuambukizana hayamtapishi mtu," alisema. "Mama, twende hospitali."

Daktari wa zamu alikuwa binti mmoja aitwaye Nassra. "Shikamoo, Bi Shemsa. Umeona pete za rangi kwenye taa?"

Bi Shemsa alisahau hata kuitikia. Siri ile ilikuwa yake na Mola wake! "Nshaziona," alinong'ona. "Umejuaje?"

"Jicho lina maji yake. Njia ya kutokea ikiziba, yanajaa, presha inapanda, ndipo taa huota pete. Ungelala nalo, pengine lingepofuka." Alimpa matone na vidonge vya kuishusha. "Likitulia, tutakutoboa kitobo kwa mwanga wa leza, hapa penye rangi ya jicho, maji yapate njia. Na la kushoto pia, lisije likafanya hivi."

"Kitobo? Kwa mwanga?"

"Kidogo kuliko tundu la sindano."

"Na nani atakizungushia uzi kisifumuke?"

Nassra alicheka kwa upole. "Hicho hakifumuki, Bi."

Bi Shemsa machozi yalimtoka. Ametoboa umri wake wote, na hakujua kwamba mwanga nao unatoboa.

Usiku wa kuamkia Idi, macho yote mawili yakiwa yameshatobolewa, alikaa chini ya balbu ileile, haina pete hata moja, akamsimulia Badria siri yake yote.

"Kumbe yalikuwa maradhi, mama," Badria alisema. "Haikuwa Lailatul-Qadri."

Bi Shemsa alifumba jicho la kushoto, akausogeza uzi kwenye sindano. Ukapita mara moja.

"Mie niliomba nini, mwanangu?"