Mzuzu wa Kochoko Niliompikia Mjomba

"Sasa mama, kama mjomba hali vitu vya kwenye simu, mimi nitamwonyeshaje kwamba najua kupika? Wali na kuku si kila mtu anapika?"

Mama alikuwa anapepeta mchele uani, hata hakuniangalia. "Kila mtu anapika kwa sababu kila mtu anakula. Mwenzio anatoka Lisekese, Masasi huko, mpaka huku Newala, vumbi lote lake, wewe unataka umpe ndizi yenye mimba."

"Imejazwa, mama."

"Haya, imejazwa."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka kwenda Mtwara kusomea upishi. Kwetu neno la mwisho si la baba, ni la mjomba, kaka yake mama. Baba mwenyewe alishasema, "Mimi sina tatizo, mngojeni mwenye mtoto wake." Kwa hiyo mwenye mtoto wake alikuwa anakuja, na mimi nilikuwa na mlo mmoja tu wa kumfanya akubali.

Kwenye simu nilikuwa nimemwona mtu wa huko nchi za mbali anachana ndizi iliyoiva, anajaza nyama ya kusaga na jibini, anachovya kwenye yai, anakaanga tena. Jibini Newala ningeipata wapi? Nikatwanga korosho na tui kidogo mpaka zikawa nzito, zinavutika. Ndizi za mzuzu nilizipata sokoni, zimeiva mpaka ganda jeusi. Halafu nikaongeza cha kwangu mwenyewe, kochoko, yale mabibo ya korosho yanayoanikwa juani mpaka yanasinyaa. Nyama na ndizi tamu bila kitu cha uchachu vinachosha mdomo.

Kochoko ni ngumu, lazima uiloweke. Bomba lilikuwa kavu muda mrefu, tunanunua maji ya ndoo, na mama alikuwa anayalinda kama dhahabu. Mimi ningeanzaje kumwaga na kubadilisha maji kwa ajili ya kochoko? Nikaloweka mara moja kwenye kindoo chenye mfuniko, nikakificha chumbani kwangu chini ya bati la moto, nikakiacha mpaka siku ya mgeni. Nilipofunua, mapovu. Harufu tamu, kali. Nikaonja yale maji, yakanichoma ulimi vizuri. Nikafurahi jamani! Nikasema hii ndiyo sosi yangu. Nikakamulia limau, nikatia pilipili na chumvi, na sikuichemsha, niliogopa kuua ladha.

Kwetu pombe haijawahi kuvuka kizingiti, na shuleni nilikaa bwenini miaka yote. Uraka, pombe ya mabibo, niliujua jina tu.

Mjomba alifika mchana, kanzu nyeupe, kofia mkononi anajipepea. Kwao ndiye anayeadhini, na hata akiongea kawaida sauti yake inajaza nyumba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nasikia unataka kwenda kusomea kupika. Kwani hapa ulikuwa unakula mbichi?" Akacheka mwenyewe, mama naye akacheka.

Baba alikuwa bado shambani, tukakaa watatu mkekani. Mjomba akainua ndizi ya kwanza, akaigeuza. "Hii ndizi au sambusa?"

"Zote mbili, mjomba."

"Haya, tutajua mbele ya safari."

Akala. Ya pili akaizamisha kwenye bakuli la sosi. Ya tatu akaizamisha zaidi. Alikuwa anatafuna macho amefumba. Mimi roho kwatu! Nikajiona niko Mtwara tayari, nimevaa kofia ndefu nyeupe.

"Mpwa wangu," akasema polepole, "humu umeweka nini?"

"Kochoko, mjomba. Imejiloweka yenyewe, hata sukari sijatia."

Mama alichovya kidole kwenye bakuli, akalamba. Uso wake ukabadilika. Lakini kabla hajasema lolote, mjomba alilishika lile bakuli kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni, akanywa. Hakuonja. Alikunywa, mpaka pilipili na vipande. Halafu akaninyooshea bakuli.

"Niongeze."

Mama yangu, ambaye kaka yake akiingia hupiga magoti kwanza ndipo asalimie, alimpiga kaka yake mkononi. Bakuli likaruka, sosi ikamwagikia kanzu. Nilingoja kofi, matusi, laana, sijui nini. Mjomba akajifuta vidole kwenye kanzu.

"Asante, mdogo wangu," akasema. Akavaa kofia, akatoka, akaita bodaboda impeleke stendi. Ya Mtwara hakuyagusa.

Nikamgeukia mama. "Umeniharibia! Umempiga mjomba! Kwa sababu ya sosi!"

"Sosi? Ule ni uraka, mtoto wewe. Umeuchachusha mwenyewe chumbani kwako." Akakaa chini. "Mjomba wako aliuacha wewe hujazaliwa. Msimu kama huu, wenzake wanaokota korosho, yeye tunamtafuta, tunamkuta kalala kwenye mabibo, nzi wamemjaa mdomoni. Mke wake wa kwanza alichoka, akaenda kwao."

"Mjomba huyu? Mbona hamkuniambia?"

"Mtu akishajinyanyua, unaanza kumtangaza kwa watoto?"

Kilichonitisha si kwamba nilimpa pombe mjomba bila kujua. Ni ile "niongeze". Alishajua ni nini, na bado aliomba, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Jioni mama alimpigia, simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. "Huko kwao sasa hivi kila nyumba ya pili wanakamua mabibo," akasema, si kwangu wala kwa mtu.

Nikajaribu kuiwaza Mtwara, nikashindwa. Nikamwaga kile kindoo chote nyuma ya choo, nikaamua. Asubuhi nitapanda gari la kwanza la Masasi nimuwahi mjomba kabla hajatoka nyumbani, nitamfuata shambani, na nitashinda naye mstari mmoja wa mikorosho tunaokota korosho mpaka jua lizame. Ya chuo sitayataja.