Siku Tatu za Kusubiri Shingo ya Naibor

Safari hii ililetwa na mapafu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakaguzi wa nyama upande wetu wa Kitengela walianza kuona vinundu vigumu vyenye usaha kwenye vifua vya ng'ombe waliochinjwa. Ilikuwa TB ya ng'ombe, na ofisi ya mifugo ikataka kujua imeenea kiasi gani huko bomani, kabla ng'ombe hajafikiwa na kisu. Mkubwa wetu akauliza nani ataenda Kajiado kupima. Ghafla kila mwenzangu akakumbuka ana harusi. Mimi, Mkamba wa Machakos niliyelelewa na ng'ombe wawili wapole wa kufungwa kamba, nikainua mkono.

Jumatatu asubuhi tukatoka Kitengela kwa pikapu ya ofisi, mimi na dereva Kimeu, mtu mcheshi anayeogopa kila kitu chenye pembe. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na nyanda zilikuwa kijani hadi macho yachoke. Pundamilia walituangalia kama watu wanaosubiri kulipwa. Tukapita Isinya, tukapita Kajiado mjini, kisha tukaacha lami na kufuata njia ya ng'ombe hadi boma la mzee Parsaloi na mkewe, Mama Naserian.

"Takwenya," mzee akanisalimu.

"Iko," nikajibu, na Kimaasai changu chote kikaishia hapo.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unanyoa sehemu ndogo shingoni, unapima unene wa ngozi, unadunga dawa ya kupima, halafu unarudi baada ya siku tatu. Ngozi ikifura sana, ng'ombe huyo ameshakutana na TB. Kuifanya ndiyo shughuli. Ng'ombe wa tatu alinivuta kwenye tope la zizi kwa magoti, wembe bado mkononi, na wanawake wa boma wakacheka hadi wakashikana.

"Daktari, unawanyoa wanaenda wapi? Kanisani?" Mama Naserian akaniuliza.

Wa mwisho alikuwa Naibor, mweupe, mnene, mtulivu kuliko wote. Alinyoosha shingo mwenyewe. Tulipomaliza, Mama Naserian akaniletea kibuyu cha maziwa, hayajachemshwa, yananukia moshi mtamu. Nikaomba chai.

"Maziwa ya ng'ombe yangu iko na nini?"

"Sijui bado, mama. Ndiyo nimekuja kujua."

Akanitazama kidogo, akaenda kuweka sufuria motoni. Hakuniudhikia, lakini hakucheka tena siku hiyo.

Jumanne na Jumatano tulizunguka maboma ya jirani. Nilijifunza kuruka ua wa miiba nikiwa na sketi, na Kimeu akajifunza kwamba dirisha la gari lililofungwa nusu halizuii ulimi wa ndama.

Alhamisi tukarudi kwa mzee Parsaloi. Ng'ombe baada ya ng'ombe, ngozi ilikuwa kama tulivyoiacha. Nikaanza kufurahi. Kisha akaja Naibor, na sikuhitaji kipimo. Pale nilipodunga palifura kama yai.

"Hapana," mzee akasema. "Huyu hakohoi. Anakula, ananona. Ni hiyo dawa yenu imemfurisha."

"Wote nimewadunga dawa hiyo hiyo, mzee. Mbona wengine hawakufura?"

Akapapasa pale palipofura. Mama Naserian akaingia ndani ya nyumba, akatoka amemshika mkono mjukuu wake Resian, msichana wa miaka mitano hivi. Akamvua shanga za shingoni. Chini ya taya palikuwa na uvimbe sehemu mbili, mmoja mkubwa kuliko mwingine.

"Na huyu," akauliza polepole, "alidungwa na nani?"

Akamrudishia mtoto shanga zake. Akaendelea, "Amekuwa mdhaifu tangu mvua ianze. Kwa hivyo maziwa ya Naibor tulimwachia yeye peke yake."

Mimi ni wa ng'ombe, si wa watu, na sikujua kama uvimbe ule ni TB. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia pia kwamba TB ya ng'ombe huweza kupita kwenye maziwa mabichi, na kwamba gari liko hapa na lina mafuta. Mzee ndiye aliyetangulia kupanda nyuma. Resian alikaa mbele, na Kimeu akamruhusu kupiga honi. Mbuzi wote hadi hospitali ya Kajiado walitukimbia siku hiyo.

Ijumaa na Jumamosi tukarudi kupima shingo katika maboma ya jirani, na Jumamosi hiyo majibu ya Resian yakatoka. TB ya matezi. Daktari akasema dawa ni za miezi mingi, lakini atapona. Mama Naserian akashika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, akakaa hivyo.

Mzee alikuwa hajamtaja Naibor tangu Alhamisi. Nje ya hospitali akaniuliza, "Mkaguzi wa nyama anaanza kazi saa ngapi?"

Jumatatu mzee mwenyewe alimleta Naibor machinjioni Kajiado, kwa miguu. Mkaguzi alipopasua mapafu, vinundu vilikuwa vimejaa. Mzee akainama, akavigusa kwa ncha ya fimbo.

"Na alikuwa amenona hivi," akasema.

Alasiri hiyo tukarudi Kitengela. Mkubwa wetu akapitia karatasi zangu kwa uso wa furaha. Katika maboma yote, waliofura walikuwa wachache sana.

"Afadhali," akasema. "Tuandike kwamba haijaenea."

Nikamwomba anirudishie karatasi. Kando ya safu ya namba za ng'ombe nikachora safu nyingine kwa rula, na juu yake nikaandika: Maziwa yake hunywewa na nani? Tangu wiki hiyo, katika kila boma nililoingia, niliuliza swali hilo kabla ya kutoa wembe.