Sahani Ambazo Hazikuguswa

Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi hapa Voi, shuleni kwa binti yangu. Mwalimu mkuu alituonyesha simu yake: kila asubuhi mwalimu wa zamu humtumia ujumbe, nani hayupo, nani mgonjwa, tangi lina maji au halina. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilimkumbuka msichana mmoja, mikono ikabaki mapajani.

Nilisoma huko vilimani, juu ya Mwatate, ambako ukungu uliingia darasani ukakaa hadi saa nne. Mwalimu mkuu wetu, mama mpole wa sauti ya chini, hatukumwona akizunguka, lakini alijua yote. Ukitoroka mchana kwenda kuchuma mapera, kesho yake anakuuliza, "Yalikuwa yameiva?"

Basi kuna mchongezi, tukasema. Tukamshuku jirani yangu wa dawati, kwa sababu kwao kulipakana na kwa mwalimu mkuu, na kwa sababu alikuwa mkimya. Tukamtega: tukamnong'oneza kwamba Ijumaa hatutafagia. Ijumaa ikapita, hatukuulizwa neno.

"Mjanja huyo," tukasema. "Amenusa mtego."

Tukaacha kuongea naye. Akija, tunanyamaza. Mchana alikula pure yake ya mahindi na maharagwe akiwa ameelekea ukuta. Muhula ulipoisha, wazazi wake wakamhamisha.

Mimi nikafanywa kiranja. Siku moja nilimpelekea mwalimu mkuu rejista, nikamkosa ofisini. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe pamoja na mpishi, moshi ukiwatoa machozi wote wawili. Kila mtoto alikuwa na sahani yenye jina lake, na mpishi ndiye aliyezipanga.

"Jana sahani nne za darasa la sita hazikuguswa," mpishi alikuwa akisema.

"Za kina nani, mama?"

Akawataja mmoja mmoja.

Nilirudi darasani. Wenzangu waliniuliza mbona nimekawia, nikasema nilikuwa natafuta rejista. Sikuwaambia chochote, siku hiyo wala baadaye.

Jiko lile limebomolewa, mpishi ametangulia, na sidhani kuna mwalimu mkuu anayechambua maharagwe siku hizi. Yule msichana aliolewa upande wa Mata. Shangazi yake alinipa namba yake mwaka jana. Sijapiga.