Waifai ya Korido

Wangari hajui kumnyima mtu. Waifai ya ghorofa yao hapa Greyville analipia yeye, lakini korido nzima inaitumia, maana Mkenya gani atamfungia Mtanzania intaneti ugenini huku, kwa Wazulu? Dominiki, fundi simu wa chumba cha mwisho, alipewa nywila siku aliyohamia. Baadaye mkewe, Benedicta, alipomkimbia kwa kipigo, Wangari aliona haya kuibadilisha.

Na huyohuyo Wangari ndiye anayejitolea kutunza seva ya shirika linalowaficha wanawake kama Benedicta. Anwani zao zote zimo humo. Alikuwa akiingia kutoka nyumbani kwa njia ya kizamani, ambamo nywila husafiri waziwazi. Yeyote aliye kwenye waifai hiyo, akijua kunasa data inayopita hewani, anaisoma kama tangazo la ukutani. Doris, msimamizi wa shirika, alimsihi sana aweke njia iliyosimbwa.

"Wiki ijayo," Wangari alimjibu kila mara. Jibu hilo linanichemsha damu mpaka leo.

Jumapili moja, ametoka kanisani, akaamua. Akaweka SSH, ndiyo hiyo njia iliyosimbwa, akatengeneza ufunguo wake. Dirisha la njia ya zamani kwenye kompyuta akaliacha wazi, akajaribu kuingia kwa jipya, maana ukifunga la kwanza na la pili likagoma, umejifungia nje. Likagoma. Akarekebisha ruhusa za faili la ufunguo, akajaribu tena, akaingia. Ndipo akaizima njia ya zamani.

Kisha akatazama kumbukumbu za seva. Asubuhi, yeye akiwa kwenye kwaya, mtu alikuwa ameingia kwa jina lake kupitia waifai yake mwenyewe. Alifungua faili moja tu, la Benedicta.

Akampigia simu Benedicta.

"Benedicta, uko wapi?"

"Chumbani, dada, hapa Chatsworth mlikonificha. Napika."

"Mlango umefunga?"

"Nimefunga. Kwani kuna nini?"

Kabla Wangari hajajibu, akasikia sauti ya kiume upande wa pili: "Hodi!"

"Usiitikie," Wangari akanong'ona, huku akimwandikia Doris kwenye kompyuta atume walinzi.

Kwa mtu wa Moshi kama Benedicta, kuinyamazia hodi ni kazi nzito.

"Hodi wenyewe!" Kitasa kikatikiswa. "Bene, nasikia harufu ya vitunguu. Fungua."

Benedicta hakuitikia. Mlango ukapigwa teke, tena na tena, na Wangari akabaki ameishika simu kwa mikono miwili, hana la kufanya. Mwishowe gari likapiga honi nje, watu wakapaza sauti kwa Kizulu, na miguu ikakimbia.

"Ameondoka," Benedicta akasema, analia. "Dada, hata mama yangu hajui niko huku. Nani kampa anwani?"

Wangari alikuwa na maneno mengi ya kitaalamu ya kujifichia. Hakuyatumia.

"Mimi," akasema. "Nimempa mimi."